KUUPATA MRABA WA MBAO PANA KATIKA KARAKANA YA NYUMBANI

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama fundi seremala mbele ya makatibu wa vyama vya msingi na wanachama, katika mafunzo ya Chama Kikuu.)



Nilipoarifiwa kwamba natakiwa kuzungumza nanyi, nilidhani majina yamechanganywa, maana katika mikutano ya namna hii tumezoea kusikia habari za hesabu, za mikopo ya pembejeo na za bei ya kahawa. Mimi ni seremala. Karakana yangu ni banda la mabati nyuma ya nyumba, lenye upana wa hatua sita, na mbuzi wa jirani hupita humo apendavyo. Lakini aliyeniita alinieleza sababu, nami nikaiona ni ya haki. Vyama vyetu vingi sasa huwapa mafundi walio wanachama kazi ya kutengeneza makabati ya majalada, rafu za maghala na meza za ofisi, na malalamiko yanayofika hapa makao makuu yanafanana. Milango haifungi. Rafu zimekaa upande. Saraka imebana mwaka mzima. Fundi husema ubao ni mbovu, katibu husema fundi ni mbovu, na fedha za wanachama zimekwisha kutumika.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Ninaposema mbao pana nina maana ya zile zinazotoka kiwandani zikiwa tayari kwa ukubwa wa futi 8 kwa futi 4: plaiwudi, blokibodi, chipubodi, na ile ya nyuzinyuzi za mti zilizosagwa na kushindiliwa pamoja na gundi. Wauzaji huziita zote bodi. Mimi nitaliepuka neno hilo, kwa kuwa mbele yangu wameketi wajumbe wa Bodi za vyama, na nitakayoyasema leo juu ya kupinda na kunyoosha yasije yakafahamika vingine.

Katika nyanda zetu hizi za Kusini mbao hizi si ngeni. Msitu wa Sao Hill, wilayani Mufindi, ndio msitu wa kupandwa ulio mkubwa kuliko yote nchini, na katika mji wa Mafinga na kandokando yake viko viwanda vinavyomenya magogo kuwa matabaka membamba na kuyagandisha kuwa plaiwudi. Tabaka moja hulazwa nyuzi zake zikifuata urefu, na lifuatalo nyuzi zake zikikata upana, ndiyo sababu plaiwudi haivimbi wala kusinyaa upana wake kama ubao wa kupasuliwa. Hiyo ni faida kubwa, na kwa fundi mvivu ni hasara. Ubao wa kawaida ukienda upande, tutausingizia mti. Plaiwudi haina wa kumsingizia ila aliyeikata.

Haya nayasema kwa uchungu, kwa kuwa nilisingizia.

Miaka kadhaa iliyopita chama changu kiliniagiza makabati 5 ya kutunzia vitabu vya hesabu na mbegu za wanachama. Kila kabati lilikuwa na upana wa milimita 1200 na kimo cha milimita 1800, milango miwili mbele, na ubao wa plaiwudi mgongoni. Fedha zilitoka katika akiba ya chama, zikapitishwa na mkutano mkuu, nami nikatoka nje wakati wa kupiga kura kama ipasavyo. Nilizikata mbao zote kwa kufuata skwea yangu ya chuma, ambayo nilikuwa nayo kwa miaka mingi na kuiamini kama saa ya ukutani.

Nilipoyaunganisha makabati, milango ya kushoto ilikaa vyema kabisa. Milango ya kulia ikakataa. Kila mmoja uligusa ubao wa juu kwenye upande wa katikati, na chini ukaacha pengo. Nililegeza bawaba, nikakaza bawaba, nikaweka vipande vya kadibodi chini ya miguu ya kabati. Sasa, kila seremala ajua kwamba kabati likisimamishwa juu ya sakafu isiyo sawa hujisokota, na milango yake hufanya hivyohivyo. Sakafu ya ghala lile ilikuwa imesakafiwa na mwashi ambaye ni mwanachama mwenzetu. Nikasimama mbele ya Bodi nikasema kwamba sakafu ni mbovu. Nilisema hivyo yeye mwenyewe akiwa ameketi kwenye benchi la nyuma.

Katibu wetu hakubishana nami. Alikwenda kuazima pima maji, akailaza juu ya sakafu kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Kiputo kilitulia katikati kila mahali. Mwashi yule hakutamka neno, alichukua kofia yake akaondoka. Malipo yangu ya mwisho yalizuiwa, na hilo lilikuwa haki. Lililoniuma ni jingine: kwa msimu mzima wa mavuno yule bwana alizunguka njia ya mtoni ili asipite mbele ya nyumba yangu.

Kosa nililiona jioni moja, nilipouvua mgongo wa kabati moja na kuulaza juu ya sakafu ileile niliyoishutumu. Nilipima kutoka pembe hadi pembe, mshazari mmoja na mshazari wa pili. Katika umbo la mstatili mishazari miwili hulingana. Hii haikulingana, mmoja ulizidi mwenzake kwa karibu milimita 7. Ndipo nilipoichukua skwea yangu nikaihoji. Niliiegemeza kwenye ukingo ulionyooka, nikapiga mstari kwa kalamu ya risasi. Kisha niliipindua, nikaiegemeza ikielekea upande wa pili, nikapiga mstari mwingine kutoka nukta ileile. Mistari hiyo miwili ingepaswa kuwa mmoja. Kwenye ncha ya skwea, umbali wa milimita 300, ilikuwa imeachana kwa milimita 2. Kuipindua skwea huonyesha kosa mara mbili, kwa hiyo skwea yenyewe ilikuwa imepotoka kwa milimita 1. Yamkini iliwahi kuanguka kutoka juu ya meza nikaiokota bila kuiuliza hali.

Milimita 1 mtu aweza kuidharau. Lakini katika 300 iko 1, katika upana wa 1200 ziko 4, na katika kimo cha 1800 ziko 6. Hapo ndipo mbao pana zinapotofautiana na kazi ndogondogo. Kwa kiti au kigoda, skwea ile ingeendelea kunitumikia hadi kufa kwangu. Na ile milango ya kushoto ilikaa vyema kwa sababu ilikuwa imepotoka kwa kiasi kilekile na kuelekea upande uleule na kabati. Makosa mawili yalikuwa yamekubaliana. Ile ya kulia niliigeuza ili uso mzuri wa plaiwudi uwe nje, na kosa lake likaenda kinyume na la kabati.

Makatibu mtakuwa mmekwisha kuliona jambo lenyewe. Mizani ya sahani mbili yaweza kutulia sawasawa ikiwa tupu na bado ikapunja, endapo mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Huwezi kuigundua kwa kuitazama. Lakini ukihamisha mzigo kwenye sahani ya mawe, na mawe kwenye sahani ya mzigo, uongo hujitokeza wenyewe, wala huhitaji mizani nyingine ya kuushuhudia. Skwea ni mizani ya seremala, na hupimwa kwa njia hiyohiyo ya kugeuzwa. Tangu siku ile sikati ubao mpana bila kwanza kupindua skwea.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe. Nitakwenda haraka mahali penye wepesi na taratibu mahali penye mitego.

Ubao mpana unapofika nyumbani, usiuamini ukingo wake kwa sababu tu umetoka kiwandani. Misumeno ya kiwandani kwa kawaida hukata vizuri, lakini kati ya kiwanda na banda lako kuna lori, kuna mvua, na kuna duka. Pembe hugongwa. Ukingo ulionyeshewa huvimba, hasa wa chipubodi. Tena muuzaji aweza kuwa amekata kipande akampa mteja mwingine, kisha akakuuzia wewe kilichobaki kwa jina la ubao mzima. Hata ukubwa wenyewe si mmoja: futi 8 kwa 4 kamili ni milimita 2438 na kidogo kwa 1219 na kidogo, lakini mbao nyingi hutengenezwa kwa 2440 kwa 1220. Anayechanganya mbao za viwanda viwili bila kupima ataunganisha tofauti hizo na kuzila mwenyewe.

Kazi yote huanzia kwenye ukingo mmoja. Huo nauita ukingo mama. Chagua ukingo mrefu ulio mzuri zaidi, uhakikishe umenyooka, na vipimo vingine vyote vitoke kwake. Kuuhakikisha si lazima uwe na rula ndefu ya chuma. Tafuta uzi wa kuvulia samaki, ukaze kati ya misumari miwili kwenye ncha mbili za ukingo, na kila ncha uweke kibanzi kidogo kinachouinua uzi. Chukua kibanzi cha tatu chenye unene uleule, ukipitishe kati ya uzi na ukingo toka mwanzo hadi mwisho. Mahali kinapobana pana nundu. Mahali kinapolegea pana bonde. Nundu huondolewa kwa randa ndefu. Ukingo wenye bonde kubwa ni afadhali kuukata upya.

Kwa kukata upya, na kwa kazi zote zitakazofuata, mwenye msumeno wa umeme wa mkono ajitengenezee mwongozo. Huu ndio ushauri wenye faida kubwa kuliko wote nitakaoutoa leo, na gharama yake ni mabaki. Chukua kipande cha plaiwudi nyembamba, upana wa milimita 300 hivi, na urefu unaozidi ule unaotaka kukata. Juu yake kaza kwa skrubu ufito ulionyooka, ukiacha upande mmoja nafasi iliyo pana kuliko kitako cha msumeno. Kisha pitisha msumeno ukiwa umeuegemeza kwenye ufito, ili uikate ile nafasi iliyozidi. Kuanzia hapo ukingo wa mwongozo wako uko mahali hasa linapopita jino la msumeno. Ukitaka kukata, laza ukingo huo juu ya mstari, bana kwa vibano viwili, pitisha msumeno. Hakuna tena kuhesabu umbali wa kitako na jino, hesabu ambayo imeharibu plaiwudi nyingi kuliko mchwa. Kumbuka tu kuulaza mwongozo juu ya sehemu unayoitaka, kwa sababu njia ya msumeno, yenye milimita 2 au 3, italiwa upande wa pili. Anayepanga vipande vinne katika ubao mmoja na kusahau njia tatu za msumeno atagundua kipande cha nne kimepungua.

Mwongozo nao uhojiwe. Piga mstari kwa kuufuata, uuzungushe ili ukingo uleule uuguse mstari kutoka upande wa pili, upige mstari tena. Ikiwa umenyooka, mistari itafunikana. Ikiwa una tumbo, kati ya mistari miwili utaona umbo la mtumbwi, na upana wa mtumbwi huo ni mara mbili ya kosa.

Ukiwa na ukingo mama, inakuja kazi ya kuipata pembe mraba, na hapa ndipo wengi huishika skwea ndogo na kuurefusha mstari wake kwa ubao. Msifanye hivyo. Skwea ya milimita 300 haina haki ya kutawala milimita 1200.

Waashi wetu hupima misingi kwa kamba ya 3, 4 na 5, na seremala aweza kufanya vivyo hivyo: milimita 900 kwenye ukingo mama, 1200 kuvuka ubao, na 1500 kuziunganisha ncha. Ni njia ya kweli na ya kale. Lakini ina ukali wake. Ukikosea milimita 1 tu katika ile 1500, mstari wako utapotoka kwa karibu milimita 1.7 utakapovuka ubao. Kwa msingi wa nyumba hilo si neno. Kwa mlango wa kabati ni neno. Na kukosea milimita 1 kwa futi kamba ni rahisi sana, hasa ile ambayo kulabu ya mwanzoni imechakaa. Kulabu hiyo imetengenezwa icheze kidogo, kiasi cha unene wake wenyewe, ili kipimo cha nje na cha ndani vilingane. Ikilegea zaidi ya hapo hudanganya. Wapo wanaoanzia kwenye alama ya 100 ili kuikwepa kulabu, na ni vizuri, ila mmoja wao, ambaye simtaji kwa kuwa yumo humu ukumbini, aliwahi kukata rafu nane zote zikiwa fupi kwa milimita 100.

Mimi hupendelea njia isiyo na tarakimu. Chukua ufito, pigilia msumari mwembamba karibu na ncha moja, na umbali wa milimita 1300 toboa tundu la kalamu. Hiyo ni bikari kubwa. Kwenye ukingo mama tia alama mahali unapotaka kukata. Kutoka alama hiyo weka alama mbili nyingine, moja kushoto na moja kulia, kwa umbali ulio sawa, tuseme 600, ukipima kwa kijiti kimoja kwa pande zote mbili. Sasa simika msumari wa bikari kwenye alama ya kushoto, uchore tao upande wa mbali wa ubao. Hamia alama ya kulia, uchore tao la pili. Mahali matao yanapokatana, kiasi cha milimita 1150 toka ukingoni, ndipo unapopita mstari ulio mraba na ukingo mama. Hata kama ufito wako si 1300 kamili bali ni 1297, haidhuru kitu, maadamu ni uleule kwa matao yote mawili. Hivi ndivyo nilivyoikata migongo mipya ya yale makabati: mstari wa kukatia ulikuwa kiasi cha 630 toka mwisho wa ubao, na alama zangu mbili zikapata nafasi.

Mahali pa kukatia pakiwa karibu mno na mwisho wa ubao, njia hiyo haina nafasi. Kwa ajili hiyo ujitengenezee kwa bikari hiyohiyo skwea kubwa ya pembetatu kutokana na plaiwudi iliyobaki, mikono yake 900 na 1200, uihakikishe kwa kuipindua, uitundike ukutani. Usiiegemeze. Kitu kinachoegemea hujifunza kupinda.

Katika kukata kwenyewe, laza ubao chini juu ya mbao nne za inchi 2 kwa 4, mbili kila upande wa mstari, ili vipande vyote viwili vikae vimeshikiliwa hadi mwisho. Ubao unaoning'inia huubana msumeno, na msumeno wa umeme uliobanwa humrukia mtu. Bapa lizidi unene wa ubao kwa milimita 5 hivi, si zaidi. Uso mzuri uelekee chini, kwa sababu meno ya msumeno huo hukata yakipanda na huchanachana uso wa juu. Mwenye msumeno wa mkono afanye kinyume, uso mzuri uwe juu; akwaruze mstari kwanza kwa kisu, akate milimita 2 nje ya mstari, kisha amalizie kwa randa toka ncha kuelekea katikati, maana randa inayotoka nje kwenye pembe huivunja. Ni kazi ndefu, lakini wanachama wetu wengi hawana umeme, na makabati mengi ninayoyaheshimu yalitengenezwa hivyo. Unapokata ile ya nyuzinyuzi, funga kitambaa puani na fanya kazi nje ya nyumba. Vumbi lake si la kuvutwa.

Kingo mbili zilizobaki zipimwe kutoka kwenye zile zilizokwisha kukamilika, na zipimwe kwa kijiti kilichokatwa kwa urefu unaotakiwa, si kwa kuisoma futi kamba upya kila mara. Vipande vinavyopaswa kufanana vikatwe pamoja kwa kijiti kimoja. Kabati halijali kama mbavu zake ni 1800 au 1799. Linajali kama mbavu zake mbili ni sawa.

Sasa mtego wa mwisho, ambao naomba makatibu mnisikilize kwa makini kwa sababu unawahusu ninyi kuliko mafundi. Mtu akipima mishazari akaikuta sawa, hutangaza kwamba ubao ni mraba. Bado. Umbo la ndoo, juu pana na chini jembamba, lina mishazari iliyo sawa kabisa, na hakuna atakayeliita mraba. Kwa upande mwingine, ganda la kiberiti lililosukumwa ubavuni lina pande zilizo sawa mbilimbili, lakini mishazari yake hailingani. Kwa hiyo yatakiwa mashahidi wawili kwa pamoja: pande zinazotazamana zilingane, na mishazari ilingane. Na kingo ziwe zimenyooka, kwa kuwa mishazari huzijua pembe tu, haijui tumbo lililo katikati. Kwa ubao mzima wa 2440 kwa 1220 kila mshazari ni milimita 2728. Mkizipata 2728 mbili, pande zikiwa kamili, mlipeni mwenye duka bila ya kinyongo.

Kuilinganisha mishazari hakuhitaji kusoma tarakimu. Chukua fito mbili zilizochongwa ncha, zishikwe pamoja zikipishana, zisukumwe hadi ncha moja iguse pembe hii na ya pili pembe ile. Pigeni alama moja inayozikata zote mbili mahali zinapopishana. Hamieni mshazari wa pili. Alama ikikutana, mishazari ni sawa. Ikiachana, mwaona kosa kwa macho. Mtunza ghala asiyejua hesabu aweza kumkagua fundi kwa fito hizo, na fundi hana la kujibu.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta mapendekezo mawili mbele ya vyama. La kwanza, kila chama chenye mafundi kiwe na skwea kubwa na mwongozo ulionyooka, vitundikwe ofisini kwa katibu kama inavyotunzwa mizani, na kila kabla ya kazi ya chama vipinduliwe mbele ya watu wawili. La pili, katika mapatano ya kazi kiandikwe kipimo. Tumezoea kuandika kabati liwe imara na la kupendeza, maneno yasiyoweza kupimwa na mtu. Andikeni kwamba tofauti ya mishazari ya kabati isizidi milimita 2, na kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya katibu na fundi kupima pamoja. Kwa rafu za ghala zinazobeba magunia, milimita 4 zinatosha. Tusimtese fundi wala mfuko wa chama kwa unyoofu usiohitajika. Mafundi wenzangu huenda wakaninung'unikia. Lakini kama katika mapatano yangu kungekuwa na mstari huo mmoja, kosa langu lingekamatwa karakanani kwangu, kabla sijamgeuzia mtu mwingine.

Yale makabati niliyatengeneza upya. Niling'oa migongo yote mitano, nikaweka mipya kwa gharama yangu, na milango yote kumi nikairanda juu na chini. Nilisimama tena mbele ya Bodi, nikiwa na skwea mkononi, nikaipindua mbele yao wakaiona mistari miwili, nikasema kwamba sakafu haikuwa na kosa. Kumwendea mwashi nyumbani kwake kulikuwa kugumu zaidi. Alinisikiliza, akaiomba ile skwea, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimewahi kumkatia nani mwingine kwa chombo hicho. Swali hilo lilinichukua miezi miwili ya kuzunguka nyumba za watu nikipima milango.

Kazi ya fito mbili yahitaji watu wawili, mmoja kila pembe. Siku hizi anayenishikia ncha ya pili ni yeye, na leo amefuatana nami. Nje ya ukumbi tumelaza ubao mmoja wa plaiwudi ambao Chama Kikuu kimeununua kwa ajili ya mafunzo haya, bado haujapimwa na mtu. Makatibu mliokuja na skwea za mafundi wenu, kama barua ya mwaliko ilivyowaomba, tokeni nazo. Tutaanza na kuzipindua.